Dirisha la Upande Mnene

"Ufa wowote ukiniona mimi, unajisalimisha wenyewe," alisema Jicho, akaukata mkate kwa meno kama mtu anayetia sahihi. "Miaka mitatu pale mezani haujanipita hata mmoja. Hata ule mwembamba kuliko unywele wa kichanga. Ukiniona tu, mikono juu!"

Mafundi waliokaa juu ya mabomba wakinywa chai ya saa nne wakaguna.

"Jicho," akaita mtu wa pampu, mnene, mwenye sauti ya kuvuma, "na hilo tundu la soksi yako, limejisalimisha au bado linajadiliana na kidole?"

Kicheko kikapasuka karakana nzima. Jicho, aliyekuwa amevua viatu apumzishe miguu, akatazama chini. Tundu lilikuwepo, na kidole gumba kilikuwa kinachungulia kama mpangaji anayedaiwa kodi. Wahenga walishasema nyani haoni kundule, lakini Jicho hakuwa mtu wa kushindwa na wahenga.

"Hilo nililiona tangu asubuhi," akasema. "Nimeliacha makusudi, lipitishe hewa."

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa baba yake mdogo, mchomeleaji mkongwe kuliko wote pale, aliyemlea Jicho tangu baba yake mzazi alipofariki. Alikaa pembeni na kikombe chake, kope zimeungua, vidole vina alama ndogo ndogo za cheche. Katika mfuko wa shati alikuwa na muhuri wake, kipande cha chuma chenye namba kumi na saba. Kila mshono aliouchomelea aliugongea namba hiyo kwa nyundo, ili dunia ijue nani wa kuulizwa. Miaka thelathini na moja aliugonga. Ilibaki miezi mitatu astaafu.

"Ukimaliza kuwateka hao," akamwambia Jicho taratibu, "nina neno na wewe."

Wakasogea kando, karibu na boila kubwa iliyokuwa inamaliziwa. Mwili wa boila ulikuwa wa bamba nene, na juu yake iliunganishwa shingo ya bamba jembamba. Mshono wa kuunganisha viwili hivyo ndio mgumu kuliko yote, na ndio aliopewa namba kumi na saba.

"Jana umeme ulikatika mkono wangu ukiwa hapa," akasema Baba Mdogo, akigusa chuma kwa kucha. "Upande mnene, karibu na alama ya nne. Nilisubiri, nikakipasha chuma moto upya, nikaendelea. Kwa nje hakina neno. Lakini moyo wangu haujatulia. Ukipiga picha, hapa patazame vizuri, mwanangu."

"Ondoa shaka, Baba. Umesahau unaongea na nani?"

"Sijasahau. Ndiyo maana nimekukumbusha."

Kazi ya Jicho ilikuwa kusoma picha za mionzi. Mshono ukishapoa, mashine ilirusha mionzi upande mmoja na kibao kikaipokea upande wa pili. Penye chuma kinene mionzi ilipita kidogo na picha ikawa nyeupe. Penye chuma chembamba ilipita kwa wingi na picha ikaiva weusi. Ufa, kwa kuwa ni mahali chuma kimekosekana, ulitokea kama mstari mweusi. Maelezo hayo hata mtoto angeyaelewa. Ugumu ulikuwa kwenye skrini.

Kile kibao kilijua kutofautisha ngazi za mwanga elfu sitini na tano na ushee, toka giza totoro hadi weupe wa unga. Skrini, maskini, ilikuwa na ngazi mia mbili hamsini na sita tu. Ni kama watu wa mji mzima wamefika kulala kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba mia mbili hamsini na sita: lazima mtu asimame mlangoni aamue nani analala wapi. Wa mlangoni ni programu ya kompyuta, na anayempa amri ni msomaji. Unamwambia: wagawie vyumba hawa wa kuanzia hapa mpaka hapa. Walio chini ya hapo warundike wote kwenye chumba cha kwanza, cheusi. Walio juu ya hapo warundike kwenye cha mwisho, cheupe. Eneo hilo la katikati, linalopata vyumba, wasomaji huliita dirisha. Ukilisogeza, picha ile ile inakuonyesha mambo mengine kabisa, na hakuna kilichobadilika kwenye chuma.

Kwa hiyo sheria ya karakana ilikuwa fupi: mshono wenye upande mwembamba na upande mnene unasomwa mara mbili, kila upande na dirisha lake. Fomu ilikuwa na mistari miwili na sahihi mbili.

Jicho alikuwa na njia yake ya mkato. Mwaka uliopita aliwahi kupata dirisha zuri ajabu, picha ikatoka kali kama imechongwa, hadi Mkuu wa karakana akaita watu waje waone. Jicho akalihifadhi kwenye kitufe cha tano. Tangu hapo kila picha aliipiga kitufe cha tano, ikang'aa, akasifiwa. Lilikuwa dirisha la bamba jembamba. Upande mnene, kwenye dirisha hilo, wote ulilala kwenye chumba cha mwisho: mweupe, mtulivu, safi. Na jambo likiwa safi, nani analiuliza maswali? Sahihi ya pili aliitia kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia salamu huku anaangalia simu.

Alasiri ile akaifungua picha ya mshono wa Baba Mdogo. Kitufe cha tano. Shingo ikatokea, nyuzi zote za mshono zikaonekana kama mistari ya kiganja. Upande mnene ukatokea mweupe. Akakumbuka alama ya nne, akaitafuta, akaiona: namba ya madini ya risasi iliyobandikwa mpakani, nusu yake ikionekana upande wa shingo, nusu imezama kwenye weupe. Hakuna mstari. Hakuna doa.

"Safi kama yai," akamtumia ujumbe Baba Mdogo, na akatia sahihi mbili.

Siku nne baadaye boila ikajazwa maji kwa ajili ya jaribio. Mtu wa pampu alikuwa anapandisha shinikizo pole pole, anapiga mluzi. Shinikizo likafika robo tatu tu ya linalotakiwa, mshono ukaachia. Haikuwa sauti kubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ilikuwa kama kitambaa kinene kinachopasuliwa. Maji yakatoka kama upanga, yakamzoa yule mtu na ngazi yake. Alipookotwa, mkono wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili, na alikuwa anauliza kwa sauti ndogo, isiyo yake, kama kiatu chake kingine kimeonekana.

Ufa ulikuwa upande mnene, karibu na alama ya nne.

Jioni hiyo hiyo Mkuu wa karakana alikuwa ameshasoma fomu. Alikuwa mama wa makamo aliyekijua chuma kwa kukigonga tu, ila mambo ya skrini aliwaachia vijana. Mawazo yake yalikuwa mepesi kufuata, na hapo ndipo ubaya ulipo. Picha inasema mshono ulikuwa mzima. Mshono umepasuka. Basi ufa umeingia baada ya picha. Na baada ya picha hakuna anayeruhusiwa kuugusa mshono, isipokuwa mchomeleaji mdanganyifu anayeukwangua na kuubandika kiraka kwa siri ili ung'ae mbele ya mteja. Mshono mbaya ni bahati mbaya, unarudiwa. Kiraka cha siri ni wizi. Anayekutwa nacho ananyang'anywa muhuri, na jina lake linapelekwa kwenye karakana zote.

"Kesho kutwa tutakaa," Mkuu akamwambia Baba Mdogo. "Picha itafunguliwa mbele ya wote. Picha haina ndugu."

Kesho yake mchana Jicho aliingia kwenye chumba chake cha picha pale karakana, akajifungia, aitayarishe ile picha. Tuseme haki: hakwenda kuficha kitu. Moyoni aliamini mshono ulikuwa mzima, na kwamba Baba Mdogo, Mungu amsamehe, aliuchokonoa baadaye kwa sababu ya ule wasiwasi wake. Alitaka tu kuwa tayari, maana Mkuu angeweza kuuliza habari ya madirisha mawili. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, akashika kipanya na kulisogeza dirisha kuelekea upande mnene.

Weupe ukaanza kuiva. Ukawa kijivu cha majivu, kisha kijivu cha mawingu. Sura ya mshono ikajitokeza mahali ambapo hapakuwa na kitu, mawimbi yake yakipangana moja baada ya jingine. Na kwenye alama ya nne, mawimbi yalipokatika na kuanza upya, mstari ulikuwepo. Mfupi, mweusi, umejikunja kidogo mwishoni kama kope iliyodondoka.

Jicho akarudi nyuma kwenye kiti. Akalisogeza dirisha, mstari ukazama kwenye weupe. Akalirudisha, ukatokea. Alifanya hivyo mara ngapi, mwenyewe hakuhesabu. Ulikuwa pale siku ile alipoandika safi kama yai. Ulikuwa pale alipotia sahihi ya pili. Na Baba Mdogo hakuugusa mshono. Alichofanya ni kumwonyesha kwa kucha yake mwenyewe mahali pa kutazama.

Mtu mwingine angeinuka aende kwa Mkuu. Jicho aliinuka kweli, akafika katikati ya chumba. Akafikiria mkono wa mtu wa pampu. Akafikiria chai ya saa nne, mafundi wanavyotafuna jina lake pamoja na mkate. Akafikiria atakavyomwaga unga, na unga ukimwagika hauzoleki. Akarudi akakaa.

Kisha akagundua jambo ambalo heri asingeligundua. Kitufe cha tano kingemfichua, kwa sababu weupe mtupu ungemshtua hata Mkuu. Lakini akilifungua dirisha lote, kutoka ngazi ya kwanza mpaka ya mwisho, kila mtu wa mji akapewa kitanda, je? Akajaribu. Picha ikatulia, kijivu pande zote mbili, hakuna weupe, hakuna weusi. Kila chumba sasa kilibeba ngazi mia mbili hamsini na sita za kibao, na ufa ulipishana na chuma kilichouzunguka kwa mia moja na themanini tu. Ukalala chumba kimoja na majirani zake. Hata yeye aliyejua ulipo hakuweza kuuona.

Akazima skrini. Alikuwa hajasema uongo bado, lakini alikuwa ameushona tayari, ulibaki kuvaliwa.

Nyumbani jioni Mama Mdogo aliandaa chakula mapema kuliko kawaida, kama watu wanavyofanya penye msiba. Jicho akajaribu kuchekesha.

"Mama, leo umeweka chumvi ya watu wangapi? Hii ukimpa ng'ombe anatoa jibini moja kwa moja."

Mama Mdogo hakucheka. "Kula, mwanangu," akasema. "Kesho baba yako anapelekwa mbele ya watu aitwe mwizi. Chumvi tutaijadili baadaye."

Baba Mdogo alikuwa ananawa. Alinawa muda mrefu, vidole kimoja kimoja, akakaa.

"Kesho," akasema, "wewe ndiye utakayefungua picha?"

"Ndiyo, Baba."

"Una neno lolote la kuniambia kabla ya hiyo kesho?"

Jicho akaumega mkate, akaupaka kitoweo, akautazama. Swali lilikuwa limewekwa mezani taratibu kabisa, kama sahani.

"Hapana, Baba," akasema. "Wewe usihofu. Mimi nitasema vizuri. Nitawaambia umri, na uchovu, na ule umeme. Hawatakunyang'anya kwa ukali."

"Haya," akasema Baba Mdogo. Mama Mdogo akamtazama mumewe, kisha akamtazama kijana, kisha akaondoa vyombo ambavyo havijamalizwa.

Asubuhi walikaa ofisini kwa Mkuu, chumba chenye meza ndefu na skrini kubwa ukutani. Mafundi kumi walisimama nyuma. Mtu wa pampu alikuja pia, mkono umefungwa kifuani, akapewa kiti. Hakuna aliyemtania mwenzake.

"Kulitokea nini kwenye mshono huu?" Mkuu akamuuliza Baba Mdogo.

"Umeme ulikatika, nikaanza upya. Ni kosa linaloweza kuzaa ufa. Nilimweleza msomaji."

"Na baada ya picha uliugusa?"

"Sikuugusa."

"Basi picha ingeuonyesha." Mkuu akageuka. "Jicho. Alikueleza?"

"Alinieleza, Mama. Ndiyo maana nilipatazama kwa makini sana."

Maneno yalimtoka laini, bila kukwaruza popote. Akaifungua picha. Kijivu kikajaa ukutani.

"Umesoma pande zote mbili?"

"Zote, Mama. Na leo nimeona nisiwachagulie cha kutazama. Nimelifungua dirisha lote, toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna kilichoachwa nje. Alama ya nne hii hapa." Akazungusha mshale wa kipanya mahali penyewe. "Kama kuna aliyeuona ufa, aniambie, nimpe kiti changu."

Mafundi wakasogea, wakakodoa. Mmoja akavua miwani, akaivaa tena. Mtu wa pampu akatazama kuliko wote, maana alikuwa na sababu. Hakuna aliyekidai kile kiti.

Mkuu akashusha pumzi. Hakuonekana kufurahi. "Mzee wangu," akasema, "umenifundisha kazi wakati nilikuwa siwezi kushika nyundo. Lakini sina njia nyingine. Lete muhuri."

Baba Mdogo akatia mkono mfukoni, akautoa, akauweka mezani. Kile kipande cha chuma kilikuwa kimelika pembe kwa kugongwa. Jicho akatazama pembeni, akaanza kujipa moyo kwa haraka haraka: miezi mitatu tu ilibaki, angestaafu tu, mzee amechoka, atapumzika.

"Muhuri chukueni," akasema Baba Mdogo. "Lingekuwa langu peke yangu ningeondoka sasa hivi, nikaenda nyumbani nikalala. Lakini nimehesabu usiku kucha. Tangu mwaka jana zimetoka hapa boila kumi na moja zenye shingo kama ile. Tatu ziko kwa madobi. Moja ipo jikoni mwa shule ya bweni, watoto mia sita wanapikiwa uji kwa mvuke wake kila asubuhi. Zote zimesomwa na mtu mmoja. Naomba, kabla hamjanifungia mlango, mwambieni huyu kijana azifungue picha hizo kumi na moja, na kila moja aifanye vile alivyoifanya hii jana saa tisa."



 

Mkuu akakunja uso. "Alifanya nini jana saa tisa?"

"Mwenyewe yupo."

Macho yote yakahamia kwa Jicho. Akatafuta kicheko ndani yake, akakuta ghala tupu.

"Mama, mimi… nilikuwa natayarisha picha tu. Nilikuwa peke yangu."

"Mlango wako una kioo," akasema Baba Mdogo. Hakupandisha sauti. "Nilikuja kukuita tukanywe chai. Nikaona unafanya kazi, nikasema nisimsumbue, nikasimama pale nje na vikombe viwili."

Jicho akashika ukingo wa meza. "Baba Mdogo, kwa heshima zote. Kutoka mlangoni mpaka kwenye skrini ni mbali. Na macho yako, wewe mwenyewe unasema, yameungua kwa moto wa kuchomelea. Ungewezaje kuona ufa mwembamba namna hiyo?"

Baba Mdogo alikuwa hajataja ufa wowote kwenye skrini. Mkuu ndiye wa kwanza kusikia kilichosemwa; akainua kichwa pole pole. Kisha akasikia mtu wa pampu, akauweka mkono wake mzima juu ya ule uliofungwa.

"Sikuuona ufa, mwanangu," akasema Baba Mdogo. "Nilikuona wewe ukiuona. Mabega yalishuka. Ukalivuta dirisha na kulirudisha, mara kumi na tatu. Ukainuka, ukaja mpaka katikati ya chumba, nikajua unakuja kuniambia, nikasogea nikupishe mlango. Ukarudi ukakaa."

Akakitazama kile chuma chake mezani.

"Chai ikapoa, nikaimwaga."

Mkuu akanyoosha mkono, akakisukuma kipanya juu ya meza, taratibu, mpaka kikagusa vidole vya Jicho.

"Sogeza," akasema.